Maji Yalipopoa Kwamndolwa

Hajira alijua maji yamepoa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyemteremsha mumewe bwawani asubuhi ile. Alimshika kwapani, wakashuka ngazi polepole kama walivyofundishwa, na wayo wa Sadala ulipogusa maji tu, mwili wake wote ukakakamaa. Mkono wa kulia, ambao vidole vyake vilikuwa vimeanza kufunguka baada ya miezi ya mazoezi, ukajikunja na kujibana kifuani. Mzee akaguta kwa maumivu. Hajira akamrudisha juu haraka, akamviringishia taulo na kanga zake zote mbili, akaita, "Dokta! Dokta Elina, njoo uone!"

Elina alikuja mbio kutoka chumba cha mazoezi. Hakuwa daktari kwa cheo, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini Kwamndolwa nzima walimwita hivyo. Alikuwa Mshambaa wa milimani, aliyeacha kazi ya hospitali akafungua kituo chake mwenyewe nyuma ya nyumba yake, pakiwa na bwawa dogo, kina chake hakimzidi mtu kifua. Waliokuja pale ni watu waliopigwa na kiharusi, watoto ambao viungo vyao havikuwatii tangu kuzaliwa, na vijana waliovunjwa na ajali za bodaboda. Wote hao walihitaji maji ya uvuguvugu. Kwamndolwa, kama Korogwe yote, ni joto, lakini miezi ya kipupwe maji ya kisima hayapashwi na jua la siku moja yakamfaa mgonjwa.

Elina alitumbukiza mkono, akautoa. "Hayajapashwa kabisa," alisema. "Na pampu inanguruma kama kawaida. Sasa ni nini tena?" Akasimama akitazama bati la kibanda cha pampu, ambapo paneli nyeusi za mabomba zilikuwa zimelazwa kuota jua. "Itabidi nitafute fundi kutoka Tanga."

"Fundi wa nini tena, dokta?" Hajira alimjibu, huku akimfuta mumewe miguu. "Aliyeijenga si huyu hapa?"

Elina alimtazama Sadala, kisha akamtazama Hajira. Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, halafu akasema tu, "Sawa, Mama Ikram. Tujaribu."

Ilikuwa kweli kwamba Sadala ndiye aliyeijenga. Alikuwa Mzigua wa Mazingara, kule Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi waliozoea kufuata maji mbali na kuyarudisha kwa baiskeli. Labda ndiyo sababu alipofika Korogwe akiwa kijana hakutaka kazi nyingine yoyote ila ya mabomba. Alifunga maji kwenye nyumba nyingi za mji, na Elina alipotaka bwawa lenye maji ya uvuguvugu bila kuchoma kuni wala umeme mwingi, Sadala alikaa na mhandisi mmoja mgeni, akajifunza namna yake, na mhandisi alipoondoka kazi yote ikabaki mikononi mwake. Aliipenda kazi ile kuliko zote. Jioni akirudi nyumbani alimweleza mkewe hata kama hakuulizwa.

"Lile sanduku dogo ukutani lina macho mawili," alikuwa akisema huku anakula. "Jicho moja liko ndani ya bomba, linatazama maji. Jingine liko juu ya bati, linatazama jua. Likiona juu kuna moto kuliko chini, linafungua valvu, maji yanapanda kwenye paneli, yanazunguka humo, yanarudi bwawani yamepata joto. Likiona jua limefifia, linafunga. Sasa niambie, Mama Ikram, lile si lina akili kuliko baadhi ya wajumbe wetu?"

Naye Hajira alicheka, akamwongezea mboga.

Kisha mwaka jana, siku chache baada ya Idi, Sadala alikuwa ameketi mlangoni akivaa viatu vya mpira aende kazini, akaanguka. Alipozinduka hospitalini, upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamemkimbia. Neno alilobaki nalo ni "haya." Akitaka chai, haya. Akikasirika, haya. Akimwona mjukuu kwenye simu, haya, haya, haya, na machozi yanamtoka.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililompa Hajira moyo. Wakati wa swala, Sadala akiwa amekaa kwenye kiti chake, alisoma Alhamdu mwanzo hadi mwisho bila kukwama, herufi zote mahali pake. Mara ya kwanza kumsikia, Hajira aliacha kuosha vyombo akakaa chini. Tangu siku ile alishika imani moja: mtu wake yuko mzima humo ndani, mlango tu ndio umefungwa. Mafundi wenzake walipokuja kumjulia hali, aliwaambia, "Akili yake ni ile ile. Subirini ulimi ufunguke mtaona." Sanduku la vyombo vya kazi alilipangusa kila Ijumaa, spana akazipaka mafuta zisipate kutu, akalirudisha pale pale pembeni mwa kitanda.

Siku ya pili alikuja Adamu. Alikuwa fundi aliyefundishwa na Sadala tangu hajaoa, sasa ni baba wa watoto na ana kazi zake mwenyewe. Mabomba aliyajua vizuri, ila huu mtambo wa Elina hakuwahi kuugusa. Sadala aliushughulikia peke yake.

"Shikamoo fundi," Adamu alisema, akainama mbele ya kiti.

Sadala akang'aa uso. "Haya!"

"Leo nimekuja niwe mikono yako. Wewe nionyeshe tu kwa huo mkono mzima, mimi nafanya."

Hajira aliposikia maneno hayo nusura alie. Alikuwa amemvalisha mumewe shati la kazi, lile la kaki lenye mifuko miwili. Akamsogeza karibu na kibanda cha pampu, akampa bakora yake, naye mzee akakaa wima, akakunja uso kwa namna ile ya zamani ya kusikiliza mashine.

Adamu alianza na chujio la mchanga, akaliona limejaa uchafu, akageuza maji yapite kinyume mpaka yakatoka safi. Bwawa likabaki baridi. Sadala akanyoosha bakora kwenye pampu. Adamu akazima umeme, akaifungua, akaikagua, hakuona kasoro, akaifunga. Bakora ikarudi kwenye pampu ile ile.

"Nimeshaiangalia, fundi. Ni nzima."

"Haya! Haya!"

Adamu akaifungua tena, kwa heshima. Elina alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akitazama.

Halafu bakora ikahama. Sadala alionyesha valvu kubwa kwenye bomba linalorudisha maji bwawani, akazungusha mkono wa kushoto hewani. Alitaka ifungwe. Pampu wakati huo ilikuwa imewashwa.

Adamu alikuna kichwa. "Fundi, nikifunga hapa maji yatapita wapi?"

Sadala akagonga sakafu kwa bakora. Alitetemeka mdomo, uso ukamwiva. "Haya!"

"Mama," Adamu akamgeukia Hajira, "mimi hapa naogopa."

"Mfuate," Hajira alisema. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Aliyeijenga ni yeye. Wewe si umesema ni mikono yake?"

Basi Adamu akafunga. Pampu ikabadilisha mlio, ikaanza kukoroma, bomba likatetemeka ukutani, na kabla hajakimbilia swichi, kiungio kimoja kikaachia kwa kishindo. Maji yakaruka juu mpaka kwenye dari, yakamwagikia wote. Elina alipiga ukelele. Adamu akazima, akabaki ameegemea ukuta, anahema, maji yanamchuruzika usoni.

Hajira aligeuka kumtazama mumewe. Alitarajia kumwona ameshtuka, au amekasirika, au amejuta. Yule Sadala aliyemjua, akiona kiungio kimoja tu kinavuja tone, alikuwa hali chakula mpaka akitengeneze. Lakini mzee alikuwa anatabasamu. Alitazama maji yanavyotiririka sakafuni, akapigapiga paja kwa mkono wa kushoto kama anayefurahia mvua.

Adamu alianza kuokota vipande vya kiungio. Hajira akamfuta mumewe uso kwa ncha ya mtandio, akajikuta hawezi kumtazama machoni.

Walirudi nyumbani kwa bajaji. Alasiri hiyo Hajira hakupika. Alimketisha mumewe mkekani, akalivuta sanduku la vyombo kutoka pembeni mwa kitanda, akakaa mbele yake. Alijiambia kuwa pale kwa Elina mzee alichanganyikiwa kwa sababu ya watu wengi na kelele za pampu. Hapa ni kwao, ni wao wawili.

Alitoa kiwiko cha bomba, kiungio cha njia tatu, na kipande cha bomba la nusu inchi. Akavipanga.

"Baba Ikram," alisema kwa Kizigua, lugha yao ya tangu Mazingara, kwa sauti ya chini, "nipe kiwiko."

Sadala alivitazama. Akachukua kipande cha bomba, akampa.

"Hapana. Kiwiko. Kile cha kukata kona."

Akampa kile cha njia tatu. Alikuwa anamwangalia mkewe usoni, si vyombo. Anatafuta kwenye macho yake kama amepatia.

Hajira akachukua spana, ile kubwa ambayo mpini wake ulikuwa umelika umbo la kiganja cha Sadala. Akamwekea mkononi. Mkono wa kushoto, sawa, hakuwa ameuzoea. Lakini mtu aliyezungusha spana maisha yake yote atajua tu meno yako upande gani. Sadala aliigeuza, akaitazama, akaishika kwa upande wa meno, akagonga nayo bomba, taratibu. Kisha akaiweka chini na kuipapasa, kama mtu anavyopapasa kitu kizuri cha mwenzake.

"Haya," akasema kwa upole.

"Haya," Hajira akaitikia. Akaanza kurudisha vyombo sandukuni, kimoja kimoja, na alipofika kwenye spana mikono ikakataa. Aliinuka akaenda uani, akashika kamba ya kuanikia nguo, akalia kwa kufunga mdomo asisikike. Mwaka mzima alikuwa akiongea na mtu nyuma ya mlango, akimwambia vumilia, tutaufungua. Sasa alijua kwamba chumba chenyewe kilikuwa kimehamwa, si chote, lakini sehemu kubwa, na hakuna aliyemuaga.

Kesho yake alikwenda kwa Elina peke yake, akimwacha Sadala na jirani. Alimkuta Elina akitoa majani bwawani kwa wavu.

"Ulijua," Hajira alisema, hata salamu hakutoa.

Elina aliweka wavu chini. "Nilijua, Mama Ikram."

"Tangu lini?"

"Tangu miezi ya mwanzo. Kiharusi hakichukui ulimi peke yake. Kwa wengine kinachukua na mpangilio wa mambo, kile mtu alichojifunza kwa mikono. Dua na nyimbo hukaa mahali pengine, ndiyo maana anasoma vizuri."

"Na ukaniacha nimlete hapa jana, mbele za watu!"

"Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, nakuona umemvalisha vizuri, umemchana ndevu, unamwambia fanya bidii Baba Ikram, mafundi wanakusubiri. Naye anafanya bidii kweli." Elina alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nikasema nikivunja lile tumaini, nani atamleta mazoezini? Nilikosea. Nisamehe."

Hajira alikaa kwenye ukingo wa bwawa. Hakuwa na nguvu za kugombana. Adamu alikuwa kibandani akifunga kiungio kipya, na msumeno wake ulisikika ukikata bomba. Alipomaliza, akawasha pampu. Maji yakapita salama, baridi vile vile.

"Kiungio kimekubali," alisema Adamu akitoka nje. "Lakini lile sanduku la ukutani bado linaonyesha taa ya njano. Maana yake halitaki kupandisha maji. Linaona kama hakuna jua, na jua ndio hili linatuchoma."

Hajira aliinua macho juu ya bati. Sehemu kubwa ya paneli ilikuwa inang'aa. Lakini upande wa kaskazini, kwenye kona ambako waya mwembamba kutoka kwenye sanduku hilo uliishia, bati lilikuwa na kivuli. Mlonge uliokuwa nyuma ya kibanda ulikuwa umerefuka na kutanua matawi, yakaja kuliangukia bati.

Mlonge unakua upesi. Na miezi hii jua huegemea upande ule ule wa kaskazini, mti ukaliziba tangu asubuhi hadi alasiri. Ndipo Hajira akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kukipa maana. Kila mwaka, kipupwe kikikaribia, Sadala alikuwa akiondoka na panga juu ya sanduku la vyombo, naye akimtania, fundi bomba na panga wapi na wapi, unakwenda kumkata nani? Mzee akijibu, nakwenda kumfungua mtu jicho. Mwaka huu hakuna aliyekwenda.

"Adamu," alisema, "lile jicho la juu liko wapi? Si pale mwisho wa waya?"

Adamu alifuata kidole chake. Akatazama mti, akatazama bati, akapiga paji la uso. "Lahaula! Limelala kivulini. Ngoja nipande."

Alikuwa tayari ameshika ngazi, Hajira akamzuia.

"Subiri kidogo. Nikamlete kwanza."

Adamu hakuelewa mara moja. Elina ndiye aliyeelewa. Akaenda mwenyewe kuita bajaji.

Walimleta Sadala akiwa na shati lake la kaki. Wakamweka mahali anapoona mti na bati. Adamu akaja mbele yake, safari hii hakusema atakuwa mikono yake. Alichuchumaa tu.

"Fundi, nauliza. Huu mlonge tuukate?"

Sadala aliutazama mlonge. Akamtazama Adamu, akamtazama Hajira, na Hajira akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana. Naye akatikisa kichwa vile vile.

"Haya," alisema.

"Mzee kasema tukate!" Adamu akapaza sauti, na sauti hiyo ikamkatika katikati. Akapanda haraka ili asionekane uso. Matawi yakaanguka moja baada ya moja. Jua likateleza juu ya bati mpaka kwenye kona, na baada ya muda kidogo sanduku likalia tiki, taa ya njano ikazimika, ya kijani ikawaka, na maji yakasikika yakipanda ndani ya mabomba meusi. Mapovu ya hewa yakatoka bwawani, yakapungua, yakakoma. Elina alipiga makofi. Mtoto mmoja mgonjwa aliyekuwa mgongoni kwa mama yake akapiga pia, na Sadala akainua mkono wa kushoto kuwaitikia wote, uso umemjaa furaha.

Hajira alipiga makofi pamoja nao. Alijua anachokifanya, akaona ni halali, na bado ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha mikono.

Haikuchukua muda maji yakarudi kwenye uvuguvugu wake, hasa baada ya Adamu kushona turubai la kulifunika bwawa jioni joto lisitoroke. Sadala akaendelea na mazoezi. Vidole vilianza tena kulegea. Elina alisema ataweza siku moja kushika kikombe, pengine kutembea na bakora bila kushikwa. Hajira alisikiliza, akashukuru, hakuuliza zaidi ya hapo.

Ikram, binti yao aliyeolewa Dodoma, alipiga simu Ijumaa.

"Mama, nasikia baba katengeneza mtambo! Alhamdulillahi. Sasa atarudi kazini lini?"

Hajira alitoka uani na simu, mzee asisikie.

"Harudi, mwanangu," alisema.

"Kwa nini, daktari kasema hivyo?"

"Nimeona mwenyewe. Yupo, anatupenda, anacheka, anaswali. Ila kazi imeondoka." Akamsikia Ikram ameanza kulia, akamwacha alie, maana yeye alishatangulia.

Wiki iliyofuata alimwita Adamu nyumbani. Adamu alikuwa amepata kazi ya kufunga matangi kule Magoma, na vyombo vyake vilikuwa vichache. Sanduku lilikuwa limewekwa barazani, mbele ya Sadala.

"Mama, hapana," Adamu alisema alipolifungua. "Hivi ni vya fundi."

"Vitapata kutu humu ndani. Yeye mwenyewe hangependa."

Hajira alitaka mumewe akabidhi kwa mkono wake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa mkono utakaong'ang'ania. Alikuwa hata amejiambia kwamba aking'ang'ania chochote, sanduku halitoki. Akampa spana ile kubwa. Sadala aliipokea, akaipima uzito, kisha akamnyooshea Adamu kwa adabu, kama mwenye nyumba anavyompa mgeni kipande cha muhogo. Akafanya vivyo hivyo kwa msumeno, kwa patasi, kwa koleo, mpaka sanduku likaisha. Hakung'ang'ania hata kimoja.

Adamu alipokea kila kitu kwa mikono miwili. Alipomaliza alibusu mkono wa mzee, ule wa kulia uliolala pajani, akabeba sanduku begani na kuondoka bila kugeuka.

Hajira aliingia ndani. Pembeni mwa kitanda palibaki alama ya mstatili sakafuni, saruji ya pale ikiwa nyeusi kwa mafuta. Alipiga magoti, akapasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Mafuta hayakutoka yote. Nje, Sadala alikuwa ameanza kusinzia barazani, kichwa kimeinamia bega, na jua lilikuwa linamfikia miguuni. Hajira akaacha brashi, akaenda kumsogezea kiti kivulini.